Mama Vyeti na Neno la Esteri

Kasulu nzima ilimwita Mama Vyeti, ingawa vyeti vyake hakuna aliyepata kuvishika. Kila matokeo ya darasa la saba yalipotoka, hawakukosekana wazazi wawili watatu mlangoni kwake, bahasha kwapani, wakitaka awatengenezee watoto wao mambo. Vestina Niyubahwe aliwapa viti, akawapa na ndizi za kuchemsha, akawaeleza taratibu kwamba vyeti anavyovishughulikia yeye si vya shule. Walikula ndizi, wakaaga, na huko njiani wakasemana kwamba yule mama ni mchoyo tu.

Vyeti vyenyewe vilikuwa vya kompyuta. Najua wapo watakaocheka. Mwaka 1999, katika milima ya Kigoma ambako simu ya mezani ilikuwa bado jambo la kusafiria, kompyuta za kupewa vyeti zilitoka wapi? Zilikuwepo. Na atakayecheka acheke upesi, maana mbele hakuna cha kuchekesha sana.

Vita vya Burundi vilikuwa vimewamwaga watu katika kambi za Kasulu na Kibondo kama maharage ya gunia lililopasuka. Mume huku, mke kule, mtoto haijulikani. Shirika moja la kuwaunganisha ndugu lilikuja, likafunga kompyuta kubwa mjini Kasulu, ikawa ndiyo ghala la majina ya waliopotezana. Katika vituo vya nje, Kasanda, Kumsenga na kwingineko, wakawekewa makarani kompyuta ndogo. Karani akiandika jina la mtu anayetafutwa, programu ya kati ambayo mafundi waliiita draiva ililichukua swali lile, ikalipeleka hewani kwa mitambo ya redio mpaka kwenye ghala la Kasulu, kisha ikarudi na jibu.

Sasa hewani hakuna mlango wala komeo. Mtu mwenye mtambo na nia mbaya angeweza kujifanya ndiye Kasulu, akapokea yasiyomhusu. Ndiyo maana draiva ilifundishwa isifungue mdomo kabla ya kuonyeshwa cheti cha Kasulu na kukitambua. Vestina, mwenye kazi ya vyeti hivyo katika shirika, aliwaeleza makarani wapya jambo hili kwa mfano uleule kila mwaka.

"Ukienda kukaa kijiji cha watu," aliwaambia, "mwenyekiti anakudai barua ya utambulisho. Anatazama mhuri. Anatazama inaanza lini na inakwisha lini. Ukiileta imekwisha, anakurudisha. Ukiileta kabla ya siku yake, anakurudisha vilevile. Hajali umetoka mbali kiasi gani. Basi na hii mashine ni mwenyekiti mkali."

Kila cheti cha Kasulu kilipokaribia mwisho wake, alitengeneza kipya, akakinakili kwenye disketi, akazipanga disketi ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalifunga kopo kwa kitenge ili vumbi lisiingie, kisha akapanda gari la shirika kwenda kituo kimoja baada ya kingine. Kompyuta isiyopata nakala ya cheti kipya isingeongea na Kasulu hata ungeibembeleza. Barabara ya Kibondo ilimzoea. Kiangazi alifika mwekundu kama tofali, masika alifika na tope mpaka magotini, lakini kopo halikuwahi kuingia maji.

Lazima niseme kwa nini mwanamke huyu alizishikilia taratibu hizi namna ile, kwa sababu wenzake walimwona ana ukali uliopita kiasi. Alizaliwa Burundi. Mwaka 1972, akiwa mtoto mdogo, watu walikuja kwao mchana kweupe, wakasimama uani, wakamwita baba yake kwa sauti ya upole kabisa, tena kwa jina la nyumbani ambalo ni majirani tu waliolijua. Kwao mtu akiitwa na anayemheshimu huitika "Karame!" Baba yake aliitika "Karame!", akaweka jembe chini, akatoka. Hakurudi. Mama yake alikuja kufa uzeeni huko Muyama, upande huu wa mpaka, walikokimbilia na kupewa shamba, na mpaka mwisho alikuwa akisema: "Wangelikosa jina lile, na yeye wangemkosa." Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Vestina alikua, masista wakamfundisha kupiga chapa, akapata uraia, akapata kazi, lakini kusikia jina la mtu kinywani mwa asiyemhusu kulimtia baridi maisha yake yote.

Na kwa watoto shirika lilikuwa na utaratibu wake wa pekee. Kila mtoto aliyeokotwa peke yake aliketishwa na mlezi, akaulizwa kitu ambacho ni yeye na watu wake tu wanaokijua: jina la ng'ombe wao, maneno ya wimbo wa kulalia, jina la mapenzi alilopewa na bibi. Hilo ndilo likawa neno lake, likahifadhiwa Kasulu. Anayedai kuwa ndugu alitaje. Likilingana, mtoto ni wake.

Mwaka mmoja nyuma, karani wa kituo fulani alilisoma neno la mtoto kwenye redio ya sauti, ile inayosikika kambi zote. Haikupita juma akaja mtu kambini, amevaa vizuri, ananukia sabuni, anajiita mjomba, na neno analo. Wakamkabidhi mtoto. Alikompeleka mpaka leo hakujulikani. Baada ya hapo Vestina alikwenda kwa wakubwa, hakuketi hata alipopewa kiti, akatoka na amri mkononi: neno la mtoto halisemwi redioni kwa hali yoyote, litapita kwa draiva peke yake, na draiva itapita kwa cheti peke yake. Wenzake wakanung'unika kwamba kazi imekuwa ngumu. Aliwaacha wanung'unike.

Kituo cha Kumsenga kilikuwa chini ya Saidi, mtu wa makamo, mtoto wa wenye duka wa Kibondo mjini. Babu yake alikuwa ametoka pwani, na ukoo ulibaki na ulimi wa pwani. Saidi angeweza kumtania maiti akatabasamu. Mwezi wa tatu wa mwaka huo wa 1999 kompyuta yake ilianza kusahau tarehe kila ilipozimwa. Vestina akaenda, akaifungua, akabadilisha kile kibetri kidogo cha saa kilichomo ndani. Alipoiwasha ilitaka tarehe, akaandika. Ikataka saa. Saa yake ya mkononi alikuwa ameivua, iko mfukoni, na mikono imejaa vumbi.

"Saidi, saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, dada. Na chai inapoa, usije ukasema watu wa Kibondo hawana ukarimu."

Akaandika mbili na nusu, akafunga mfuniko, akanawa, akanywa chai. Mashine ikafanya kazi vizuri miezi yote iliyofuata. Cheti cha wakati huo kilikuwa bado katikati ya umri wake, na hakuna kilicholeta shida.

Kwenye benchi la kituo hicho ndipo alipokuwa akiketi mzee Bazilio kila siku ya soko. Alikuwa amefika kambini na fimbo na sufuria. Wanawe na mkewe aliwazika njiani, akabakiwa na mjukuu mmoja, Esteri, aliyemponyoka mkononi watu walipokanyagana kwenye kivuko cha Malagarasi. Alikuwa na miaka minne. Kwa miaka mitatu mzee alikuja, akauliza, akaambiwa bado, akashukuru, akaondoka. Saidi, pamoja na mzaha wake wote, hakuwahi kumtania huyu.

Jioni moja ya mwezi wa tisa Saidi aliuliza Kasulu kama kawaida, na safari hii jibu lilirudi tofauti. Yuko msichana wa miaka saba hivi katika makao ya muda ya watoto hapohapo Kasulu, anaitwa Esteri, na kijiji anachokitaja ndicho. Lakini Esteri ni wengi, na mtoto aliyepotea akiwa na miaka minne anaweza kutaja kijiji chochote. Lilikuwa limebaki neno. Saidi akatuma mtu kambini amwambie mzee aje asubuhi.

Na siku iliyofuata, mambo mawili yakaangukiana. La kwanza, cheti cha Kasulu kilikuwa kinakwisha. Saa tatu asubuhi Vestina alitengeneza kipya, akakiweka kwenye kompyuta kubwa, na papo hapo vituo vyote vikakatika mpaka atakapovifikia na kopo lake. La pili, watoto wa Kasulu waliokosa ndugu walikuwa wanahamishwa siku hiyo kwenda makao ya kudumu, mbali, ng'ambo ya Tabora. Lori lingeondoka saa nane mchana. Bazilio, kwa miguu ya uzee, alifika kituoni saa tatu imekwisha pita. Alimnong'oneza Saidi neno la mjukuu wake, Saidi akaliandika, na mashine ikagoma kulipeleka.

Saidi alimpigia Vestina redio, akachagua maneno yake vizuri: yuko mzee hapa ana jambo, na jambo lenyewe linahusu lori. Vestina akaelewa. Alikuwa amepanga kuanzia Kasanda, akamwambia dereva waende Kumsenga kwanza, tena upesi.

Alifika ikiwa saa saba imepita kidogo. Bazilio alisimama alipomwona, akaegemea fimbo.

"Mama, mashini itafunguka? Ile kamyo ya watoto haijakwenda?"

"Bado, mzee wangu. Kaa tu. Si kazi ya muda mrefu."

Akaingiza disketi, akanakili cheti, akaielekeza draiva mahali kilipo, akabonyeza. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika kwamba cheti hakikubaliki. Haikusema kwa nini. Mashine za siku zile zilikuwa na tabia ya mabwana wakubwa, zikikunyima hazikupi sababu. Akarudia. Akachukua disketi nyingine. Akaukagua mhuri wa cheti, uko sawa. Akalikagua jina la Kasulu herufi kwa herufi, liko sawa. Akalikumbuka somo lake mwenyewe la mwenyekiti na barua, akatazama tarehe pembeni mwa kioo. Ni ya leo. Akatazama na saa iliyoandikwa hapo: saba na dakika ishirini. Nje jua lilikuwa limepita utosini kidogo. Ilikuwa kweli saa saba na dakika ishirini. Akaiacha, akaenda kutafuta kosa mahali pengine.

Saidi alivuta kiti karibu, akapunguza sauti. "Dada, si kuna kile kisanduku kwenye draiva, cha kuiambia ikubali bila kutazama cheti? Weka alama, tutume hili moja tu, halafu uitoe. Nani ataona?"

"Hilo ndilo swali, Saidi," alisema Vestina. "Nani ataona?"

Saidi akakirudisha kiti chake nyuma.

Redio ikakoroma. Alikuwa Tharsisi, Muha wa Kasulu, ndiye aliyekuwa akisimamia safari ya watoto. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke.

"Kumsenga, Kumsenga, hapa Kasulu. Watoto wameshapanda. Dereva analalamika njia ni ndefu. Ova."

"Tharsisi, nakuomba umbakize mtoto mmoja. Ndugu yake yuko mbele yangu hapa. Ova."

"Mama Vyeti, simshushi mtoto bila neno lake, na ukali huo unajua aliuleta nani. Amri yako naijua, lakini nitajie neno. Nitalilinganisha sasa hivi na nitamshusha mwenyewe kwa mikono yangu. Ova."

Bazilio alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili chake hakikuwa kingi, lakini hilo alilielewa.

"Mwambie," alisema.

Vestina alikuwa ameshika kipaza sauti. Alijua kwamba saa ile, katika kila kambi na kila ofisi kutoka Kasanda mpaka Kigoma, redio zilikuwa wazi, na wenye kusikiliza hawakuwa wafanyakazi peke yao.

"Mama, mwambie! Neno ni langu. Ni mimi nilimpa. Nimekuruhusu."

"Mzee, nikilisema humu halitakuwa lako tena. Atakuja nalo mtu mwingine, kesho au hata sasa hivi, hapo hapo lorini. Watampa."

"Atakwenda, mama! Nitamwona wapi?"

Akilini Vestina alimwona yule mjomba aliyenukia sabuni. Alimwona baba yake akiweka jembe chini. Na, tusimwonee wala tusimpambe, aliamini pia kwamba kosa ni dogo na atalipata kabla ya saa nane. Maana katika miaka yote ya kopo lake hakuwahi kushindwa na cheti. Akabonyeza kipaza sauti.

"Tharsisi, neno sitalisema. Nipe nafasi kidogo, linakuja kwa njia yake. Ova."

Waliosikia kisa hiki wamegawanyika. Wapo wasemao mwanamke yule alikuwa na moyo wa jiwe, sheria ameiweka mwenyewe na kuilegeza pia angeweza. Mimi huwauliza wao wangefanyaje kama mtu mwingine angelisikia neno hewani, akaenda nalo lorini na kupewa mtoto. Hapo huanza kukohoa.

Tharsisi alijitahidi. Alimtuma dereva akaangalie tairi ambalo halikuwa na kitu, akadai maji ya watoto hayatoshi, akamchelewesha mpaka dereva akawasha injini kwa hasira. Huku Kumsenga, Vestina alifuta draiva yote, akaiweka upya, jasho likimdondoka juu ya vitufe. Cheti hakikubaliki. Tharsisi akaita kwa mara ya mwisho. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mama Vyeti, wameondoka. Nisamehe. Ova."

Bazilio aliketi kwenye benchi. Vestina alishindwa kumtazama, akabaki amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani. Mashine nayo, kwa kuwa hakuna aliyeizuia, iliendelea kujaribu peke yake, ikikataliwa, ikijaribu tena.

Saa tisa mchana ikafunguka.

Hakuna aliyegusa kitu. "Dada!" alisema Saidi. "Dada, imekubali!" Kioo kilikuwa kimejaa majina ya Kasulu. Lile neno likaenda, na jibu likarudi kabla Saidi hajakaa vizuri: limelingana.

Vestina alitazama pembeni mwa kioo. Saa iliyoandikwa pale ilikuwa tisa kamili. Akatoa saa yake ya mkononi, akaitazama: mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu, kama mshale wa kila saa duniani unavyokuwa saa tisa mchana. Akaziweka mbili hizo pamoja akilini, akaelewa. Kompyuta hazijui hesabu yetu ya kuanzia mapambazuko. Tisa kwao ni saa tatu ya asubuhi. Mashine ya Kumsenga ilikuwa imeamini kutwa nzima kwamba bado ni alfajiri, kwamba cheti cha Kasulu kilichoanza saa tatu asubuhi hakijaanza. Ilikuwa mwenyekiti mkali, imeletewa barua kabla ya saa yake, ikairudisha. Sasa kwa hesabu yake saa tatu ilikuwa imefika, ikafungua mlango.

Akamkumbuka Saidi na chai yake. Saa mbili na nusu, dada. Aliyeuliza aliuliza kwa saa za Kiswahili, aliyejibu alijibu kwa saa za Kiswahili, na mkono wake mwenyewe ukaandika mbili na nusu. Miezi sita saa ile ilikuwa ikionyesha uongo mbele ya macho yao, na hakuna jicho lililoushuku, kwa sababu ukiwa na saa saba kichwani na ukaona saba kwenye kioo, unabishana na nini? Alikuwa ameitazama mchana ule ule, akairidhia, akaenda kutafuta kosa kwingine.

Saidi alikuwa ameshaelewa. "Ni mimi niliyekutajia saa," alisema.

"Wewe uliulizwa. Aliyeandika ni mimi."

Angeweza kumwambia mzee kwamba mtambo uliharibika. Kila mtu husema hivyo, na mitambo haina mdomo wa kujitetea. Alitoka nje, akapiga magoti mbele ya benchi, akamweleza Bazilio kwa Kirundi, lugha ya mama yake, bila kuficha kitu: kwamba mtoto ni wake kweli, kwamba ameondoka, na kwamba aliyekosea saa ni yeye Vestina. Alipomaliza, mzee aliikwaruza ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Basi si Mungu aliyenikosea leo," alisema. "Ni wewe. Hilo ni afadhali, wewe ninakuona. Utamrudisha wewe mwenyewe. Usinitumie mtu."

Vestina akaahidi.

Kuahidi ni kwepesi. Mtoto aliyekwisha vuka mkoa harudi kwa kupungiwa mkono. Palitakiwa kibali cha kambi, kibali cha wilaya, kibali cha ustawi wa jamii, na kila meza ilikuwa na mtu aliyesafiri. Mvua zikaanza, daraja likaenda na maji, treni ikasimama. Katikati ya mvua hizo Saidi alileta habari Kasulu mwenyewe, bila mzaha wowote: mzee Bazilio ameanguka shambani. Kiharusi. Yu hai, lakini upande mmoja umekufa na mdomo umepinda. Hasemi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Vestina alilia siku hiyo mbele ya watu, jambo ambalo Kasulu haikuwahi kuliona, kisha akafunga kitenge na kwenda kukaa kwenye ofisi ya wilaya mpaka wakampa kibali ili awaondokee.

Alimleta Esteri wakati mahindi yalipokuwa yamefika kiunoni. Mtoto alikuwa mrefu, mwenye macho ya kuchunguza, na huko alikotoka alikuwa amejifunza Kiswahili cha watoto wa mjini. Njia nzima alizungumza habari za babu. Babu ana sauti kubwa. Babu akimwita, ndege wanaruka mtini. Vestina alimweleza kwamba babu anaumwa, kwamba hasemi tena. Mtoto aliitikia ndiyo, kama watoto wanavyoitikia jambo ambalo hawajaliona.

Kibanda cha mzee kambini kilikuwa na karatasi ya plastiki ya bluu juu na mlango wa majani. Bazilio alikuwa amelazwa kwenye mkeka, ameegemezwa gunia la maharage. Alipomwona mtoto alijaribu kusema. Kilichotoka kilikuwa mlio, na mate yakamchuruzika shavuni. Esteri alirudi nyuma ya Vestina, akashika nguo yake.

"Huyu siye," alisema. "Babu anaongea. Babu ananiita."

"Ni yeye, mwanangu."

"Wewe umejuaje?"

Vestina hakuwa na la kumwonyesha. Alikuwa na vibali vyenye mihuri ndani ya mkoba, na alikuwa na kopo la disketi ndani ya gari, na katika vyote hivyo hakuna ambacho kingemtosha mtoto huyu. Kilichomtosha kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kwenye ulimi usiogeuka. Bazilio alikuwa akimtazama Vestina. Jicho lake moja zima lilikuwa limejaa maji, na mkono wake mzima ulikuwa ukipigapiga mkeka.

Vestina akapiga magoti karibu na sikio lake. "Mzee," alisema kwa Kirundi, "niliseme?"

Mkono ukaacha kupiga. Mzee akainamisha kichwa, mara moja.

Nje walikuwepo majirani, mlango ulikuwa wazi, na hakuna mtambo wala cheti kilichomkinga mtu yeyote. Vestina Niyubahwe, ambaye tangu utoto alikuwa akiogopa majina yanayoitwa mbele ya milango, akavuta pumzi, akalisema lile neno kwa sauti kubwa, kama alivyoambiwa njiani kwamba babu alikuwa akiita. Nami sitalitaja hapa. Si langu.

Mtoto aliachia nguo. Hakumtazama Vestina, alimtazama mzee kwenye mkeka.

"Karame!" aliitika, na akaenda.

Alikwenda akajilaza kwenye ule upande uliokufa, kwa kuwa hakujua, na Bazilio akamzungushia mkono wa upande mwingine kwa shida. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Alikuwa anajaribu kulifuata neno lile, tena na tena, nalo halikutoka. Vestina akalirudia kwa niaba yake, na mtoto akaitika tena.